Mchawi wa Kimo cha Kidole

Kwa taadhima kubwa, na kwa kicheko kilichobanwa mashavuni, wakazi wa Garissa na vitongoji vyake, jamaa walioko Wajir, mashemeji walioko Takaba, na ngamia yeyote mwenye sikio la kusikia, mnatangaziwa ya kwamba Shuaib, mchoraji wa mabango, mume wa Maryan, mtu mzima mwenye mvi hadi kwenye nyusi, hana jina la utani. Hana. Hajawahi kuwa nalo. Jitihada zimefanywa na watu wenye vipaji, zikagonga mwamba.

Mgeni atauliza: sasa hilo nalo ni la kutangazwa? Mgeni na anywe chai yake anyamaze. Kwetu mtu hupewa jina la baba na la babu, kisha mji humtazama vizuri ukampa jina lake la kweli, na aghalabu jina hilo hutolewa pale panapouma. Ukiwa na chongo, wewe ni Jicho. Ukichechemea, wewe ni Mguu, na utaitwa hivyo mbele ya wakwe zako, kwa mapenzi kabisa, huku unaongezewa sukari. Kuna mzee anayeitwa Salat Mkate kwa sababu alizirai kwenye foleni ya mkate wa msaada, katika ukame ambao hata waliozirai pamoja naye wameshakufa. Wajukuu wake wana digrii. Wanaitwa wajukuu wa Mkate.

Uchungu huo Shuaib aliujua tangu utotoni. Alizaliwa Sangailu, na baba yake, Mungu amrehemu, Ijumaa moja alitoka msikitini amevaa kiatu chake mguu mmoja na cha imamu mguu wa pili. Kosa lenyewe lingekwisha jioni hiyohiyo. Lakini yule mzee alikuwa mtu wa heshima, akaona ni lazima ajieleze. Akazunguka nyumba hadi nyumba: kwamba viatu vilifanana, kwamba jua lilikuwa kali, kwamba alikuwa akimuwaza ng'ombe aliyepotea. Kila alikojieleza aliacha watu wamejishika mbavu. Mvua zilipoanza alikuwa Kiatu, na Shuaib akawa mtoto wa Kiatu, na shuleni wenzake wakawa wanamrushia ndara. Alikimbilia Garissa akiwa kijana mbichi, akajifunza kuchora herufi, akaapa kwamba watoto wake hawataitwa watoto wa kitu chochote.

Kwa hiyo aliishi kwa hadhari. Hakukimbia hadharani asije akajikwaa. Hakula hadharani asije akapaliwa. Alicheka kwa kutoa hewa puani tu, kama mtu anayepoza chai. Na zaidi ya yote aliuficha ugonjwa wake mkubwa, ambao ni kinyaa. Kinyaa cha kuzaliwa nacho. Akiona nzi ametua ukingoni mwa kikombe, tumbo linampinduka. Akiona mtu anajichokonoa jino halafu anamnyooshea mkono huohuo wa salamu, moyo unachafuka hadi Magharibi. Lau mji ungelijua hilo, angepata kwa siku moja jina litakalodumu vizazi saba.

Na Mungu, kwa mipango yake, akampa kibanda cha mabati mkabala na mwarobaini uliojaa makorongo, wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni kama soksi iliyolowa. Kutwa walikuwa huko juu wakigonganisha midomo na kumwaga chini walichokuwa wamekila jalalani. Aliwahi kuchora bango la daktari wa meno, jino moja kubwa, jeupe, linalong'aa. Kabla rangi haijakauka korongo akalitia uozo katikati. Shuaib alilisafisha kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, huku amefumba macho, akipumulia mdomoni, na alipomaliza akaenda nyuma ya kibanda akakaa na aibu yake kidogo.

Kazi yake lakini ilisifiwa. Mji mzima una mabango yake: mbuzi aliyenona kwenye bucha, gurudumu lenye mabawa kwenye kibanda cha jirani yake Daud, mziba pancha, na wanawake wa saluni. Hao wa saluni ndio walikuwa fahari yake. Shungi maridadi, hina mikononi hadi kwenye viwiko, bangili za dhahabu, na pale penye uso, yai tupu. Hakuwahi kuchora uso. Sheikh mmoja alimwambia zamani kwamba kiumbe asiye na uso hatamdai mchoraji roho Siku ya Kiyama, na Shuaib, ambaye alikuwa na hofu ya kutosha na madai ya hapa duniani, akaona ushauri huo una busara.

Sasa ndipo akaja Faiza.

Faiza ni mtoto wa dada yake, mwajiriwa wa ofisi moja ya kaunti, msichana mwenye maneno mengi kuliko kazi anazopewa. Alisoma Nairobi, akarudi na cheti na maradhi: mchezo fulani wa mezani, ambao watu wazima wenye mishahara hukaa wakisogeza visanamu vya plastiki na kugombana juu ya nani ameuawa. Alimkuta mjomba wake akichora herufi za duka la nguo, akakaa juu ya kopo la rangi bila kukaribishwa, akatoa kitu mkobani kilichofungwa kwa karatasi laini.

"Abti," akasema, kwa sababu hivyo ndivyo mjomba wa upande wa mama anavyoitwa, na mtoto akilitamka neno hilo kwa sauti ya kuvuta namna ile, abti huyo ajue ameshaingia hasara. "Abti, mkono wako hautetemeki."

"Unataka nini?"

"Mashindano ni Jumamosi, Nairobi. Kisanamu kisichopakwa rangi hakiruhusiwi mezani. Nimejaribu mwenyewe kupaka kingine, angalia." Akamwonyesha kidude kilichovimba rangi, kama mtu aliyeumwa na nyuki uso mzima. "Nisaidie na huyu. Huyu ndiye malkia wangu."

Akaifungua ile karatasi. Ndani mlikuwa na mwanamke wa plastiki ya kijivu, kimo cha kidole cha kati. Shuaib alimtazama mara moja, akatazama mwarobaini, akaona makorongo ni ahueni.

"Huyu ni nani?"

"Malkia Zorga! Wa katuni za zamani, Abti, hujawahi kuona? Ni mchawi. Anafyonza kicheko cha wasichana kwa mrija, ndiyo maana hazeeki."

"Zorga," Shuaib akasema, na jina likamkaa ulimini kama mfupa wa samaki. "Hata jina lake linanuka."

"Picha hii hapa, fuata rangi zake." Faiza akamtumia picha kwenye simu. Ngozi ya kijani, gauni jeusi, taji lenye miiba. "Na usinichomee, Abti. Mama akijua nacheza na masanamu ataniozesha kesho."

"Mimi ndiye nikuchomee?" Shuaib akashusha sauti hadi ikawa pumzi. "Wewe ndiye usinitaje. Mtu yeyote akijua nimemshika mwanamke huyu, mimi na watoto wangu tumekwisha. Umenisikia? Hata Maryan asijue."

"Wallahi simwambii mtu."

"Apa tena."

Akaapa tena. Na Shuaib akakubali, kwa sababu abti hamnyimi mtoto wa dada yake; akimnyima, hadithi ya unyimivu huo itafika kwa dada kabla ya chai kupoa, na dada mtu ana ulimi unaoweza kumnyoa mtu bila maji.

Kesho yake alishusha pazia la kibanda, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mchana, akamtoa Zorga kwenye karatasi kwa koleo. Kwa koleo, naam. Hakutaka kumgusa. Alimwinua kwenye mwanga wa tundu la msumari akamzungusha polepole, na kila upande ulikuwa mbaya kuliko uliotangulia.

Kwanza mguu. Gauni lilikuwa limepasuliwa toka chini hadi mahali ambapo Shuaib hakutaka kupafikiria, na paja zima limejitokeza nje kama nyama ya bucha. Kisha kifua, ambacho aliyekifinyanga, huko alikokuwa, ni dhahiri alikosa wazazi. Kisha kucha, ndefu, zilizojikunja, za kuchimbia kaburi. Mkono mmoja umeshika kiuno, wa pili umenyoosha kidole kumshutumu mtu. Na uso! Pua ndefu iliyoinama mbele kana kwamba inasoma kitu kilichoandikwa kwenye kidevu. Juu ya pua chunjua. Juu ya chunjua, kwa mkono wa mtu aliyelipwa kufanya kazi hiyo, nywele tatu. Nyusi moja iko juu, ya pili chini. Mdomo umepinda.

"Kefule!" Shuaib akasema, akatema mate pembeni, kisha akayaona yale mate, naye akayaonea kinyaa.

Alijaribu kuanza na kifua ili kimwondokee mapema. Akachovya brashi, akaipeleka karibu, mkono ukagoma. Akajaribu kuanza na paja. Mkono ukagoma tena. Alihisi kichefuchefu kikimpanda taratibu, kama maji ya mto Tana yanavyopanda kwenye mashamba bila kutarajiwa. Alijiona kupitia macho ya mji: mzee mwenye mvi, amejifungia kibandani, anampapasa mwanamke aliye uchi kwa unywele wa mbuzi. Majina yalimjia yenyewe, kumi na kumi, na kila moja lilimfaa.

Ndipo akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa fani. Mwenye saluni akimletea picha ya mwanamke wa gazetini aliyevaa vibaya, Shuaib hufanya nini? Humvisha. Mabibi wangapi wamepita mikononi mwake mabega wazi wakatoka na mashungi! Akafungua kopo la puti, ile ya kuzibia kingo za vioo vya madirisha, akaifinya akaikanda ikawa laini, na kwa ncha ya kibiriti akaanza kazi ya stara.

Mpasuo aliuziba, gauni likafika chini. Kifua alikifunika kwa shungi pana lililoshuka hadi kiunoni. Lile taji la miiba alilizungushia kilemba cha puti, likatulia kama kitambaa cha mwanamke aliyejifunga kichwa kwenda sokoni. Chunjua alilikwangua kwa msasa, akilaani kila unywele kwa jina la aliyeuweka. Kucha akazikata. Vidole akavipaka hina, kwa sababu mkono aliufundisha hivyo na mkono haukuwa na jambo jingine la kufanya. Shungi akalipaka rangi ya machungwa yenye maua meupe, gauni zambarau iliyopauka. Na ngozi, ile ngozi ambayo kwenye simu ilikuwa kijani kibichi kama uji wa majani, Shuaib akaipaka kahawia, kahawia nzuri ya mtu wa jua. Kwa nini? Hapo wasomi watakuja kugawanyika, na tuwaache wagawanyike.

Kilichobaki ni uso. Na uso hakuweza kuufanya yai, kwa kuwa pua ilikuwepo tayari, haiepukiki, kama mlima. Akabana pumzi akaweka nukta ya jicho, akaweka ya pili, astaghfirullah, akaifuata ile nyusi ya juu kwa wino mweusi, akaurudisha nyuma mkono ili atazame.

Hakuwa Zorga tena. Alikuwa mtu. Kichefuchefu kikashuka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na Shuaib akafurahi, masikini, bila kujiuliza ni mtu gani. Aliyepaswa kufichwa hayupo tena, akawaza, akamsimamisha kwenye kizingiti cha dirisha akauke, akapandisha pazia, akaenda kuswali Adhuhuri.

Aliporudi alimkuta mkewe Maryan amesimama dirishani, sufuria ya chakula mkononi, kifuniko kimeteleza, mvuke unamwendea usoni wala hausikii.

"Shuaib," akasema polepole. "Mama anafanya nini hapa?"

"Mama yupi?"

"Mama yangu."

Shuaib akatazama. Na hapo ndipo alipoona alichokifanya. Shungi lile la machungwa. Gauni lile. Pua ile, nyusi ile, mkono kiunoni, na kidole kile ambacho kila mwanamke muuza maziwa wa Garissa amewahi kunyooshewa. Alikuwa Fatumo. Mama mkwe wake, soddoh yake, kiongozi wa kina mama wanaouza maziwa ya ngamia sokoni, amesimama juu ya dirisha lake akiwa na kimo cha kidole na hasira ya kimo chake cha kawaida.

"Si mama," Shuaib akasema haraka. "Huyu ni mchawi."

Kuna maneno ambayo mtu akiyasikia yakitoka mdomoni mwake hutamani ayakimbilie ayarudishe kwa meno. Maryan aliweka sufuria chini.

"Mama yangu ni mchawi?"

"Huyu! Si yeye. Huyu ni mchawi, halafu nikamvisha..."

"Ukamvisha nguo za mama."

"Nguo tu! Mke wangu, nisikilize, alikuwa uchi..."

"Mama yangu alikuwa uchi?"

Ng'ambo ya barabara, Daud mziba pancha aliacha kujaza upepo. Daud ndiye aliyewapa watu wengi wa mji huu majina yao. Analala na kuamka akitafuta dosari, shavu lake limejaa miraa na mate yake ni ya kijani muda wote. Kwa miaka mingi alimtazama Shuaib kama fisi anavyomtazama ngamia mzima: kwa subira. Alivuka barabara akijifuta mikono, akakitazama kisanamu, akamtazama Maryan, akamtazama Shuaib, na macho yake yakajaa machozi ya shukrani kwa Mola wake.

"Subhanallah," akasema. "Hawo wa mitumba! Njoo uone! Njooni nyote!" Na simu ilikuwa tayari nje, imeshapiga picha.

Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa wakati picha ilipofika kwenye kundi la ukoo. Wajir walicheka. Takaba wakauliza kama anaweza kuchora na wa kwao. Na watu wakawa wanakusanyika mbele ya kibanda, wenye pikipiki, wauza mitumba, mlinzi wa benki aliyeiacha benki ijilinde, kila mmoja akipenyeza kichwa na kutoka akiwa ameziba mdomo.

Maana aibu yenyewe haikuwa ile ya uchawi. Mchawi ni jambo la kusameheka. Aibu ilikuwa pahala pengine, na Daud, ambaye hakosei pahala, ndiye aliyeweka kidole.

"Ndugu zangu, mimi ni mtu mjinga, nisaidieni," akasema kwa sauti ya kuwatosha wote. "Mtu hamtazami soddoh yake usoni. Sivyo? Akipita, unainamisha kichwa. Akikaa, unaondoka. Huli mbele yake, hunywi mbele yake. Huyu bwana ana miaka mingapi ndani ya ndoa? Na kila mara akimwona mama Fatumo anatazama ndara zake. Tumemwona sote. Tukasema, maashallah, mkwe wa kupigiwa mfano! Sasa nauliza." Akainua kile kisanamu juu kabisa. "Nyusi hii aliionea wapi?"

Kicheko kilichotoka kiliwarusha makorongo mwarobainini. Shuaib alisimama katikati, masikio yanamwaka, na mdomoni alihisi ladha ya shaba, ile inayotangulia kutapika. Aliliona jina likija. Lilikuwa kwenye shavu la Daud, pamoja na miraa, linazungushwa, linalainishwa, karibu kutemwa.

Kisha kicheko kikakatika toka nyuma kuja mbele, kama mtu anafunga bomba. Watu wakapisha. Fatumo alikuwa anakuja, shungi la machungwa, dumu la maziwa la manjano mkono mmoja, wa pili uko kiunoni.

Shuaib alifanya alichokifanya miaka yote: akainamisha kichwa. Na kwa haraka yake akanyakua kitambaa cha karibu akajifunika uso, na kitambaa kilikuwa cha kufutia brashi, kimelowa thina, akavuta pumzi moja akaona nyota za mchana.

"Nipe," Fatumo akamwambia Daud.

Daud akampa. Mama yule akakisogeza kisanamu karibu na macho, akakigeuza, akakitazama mgongo. Alichukua muda wake. Akakinusa.

"Waryaa, wewe Daud."

"Naam, mama."

"Naona una jina mdomoni. Liteme."

"Mimi? Hapana mama, ni miraa tu."

"Basi meza. Likitoka, wewe na wenye pikipiki wako wote mtakunywa chai ya rangi hadi mtakapozikwa. Hakuna mwanamke pale sokoni atakayewauzia tone." Akageuka. "Na wewe, ondoa huo uchafu usoni, utakufa."

Shuaib akaondoa kitambaa. Macho yalikuwa yanamtiririka, na kwa ajili hiyo tu akamtazama mama mkwe wake waziwazi, kwa kuwa hakumwona.

"Umenitazama," Fatumo akasema. "Lililoonwa halifichiki tena. Mambo ya kujifichaficha mimi na wewe yamekwisha, na mimi mgongo umechoka kukupisha vichochoroni. Utakunywa mbele yangu, watu waone, tumalize."

Akafungua dumu. Kikombe hakikuwepo, cha Shuaib kilikuwa kimefungiwa sandukuni na hakuna aliyekijua. Mlinzi wa benki akatoa kikombe chake cha plastiki, ambacho ukingo wake ulikuwa na ramani ya midomo ya watu wengi. Fatumo akakijaza. Yalikuwa maziwa ya ngamia yaliyochacha, mazito, ya kuvutika, yanayonuka moshi na kwapa la mtu mwema. Juu kabisa ulielea unywele mmoja wa ngamia, umejikunja vizuri, umelala.

Daud alisogea mbele hatua moja, kwa sababu tishio la maziwa lilihusu jina alilokuwa nalo, lakini mtu akimtapikia soddoh yake miguuni, hilo ni jina jipya, halina katazo.

Shuaib akapokea. Akanuia, kama mtu anayeingia kwenye swala ya jeneza. Akanywa. Ukingo ulikuwa na chumvi ya mtu asiyemjua. Maziwa yakashuka kwa mikunjo, yakasita njiani, yakataka kurudi. Unywele ulimpitia kooni polepole, ukiaga kila kona. Tumbo likapiga teke. Jasho likamtoka kwenye kope. Alikaza macho kwenye ukuta wa mabati akahesabu misumari hadi tumbo likachoka kupigana, kisha akarudisha kikombe kitupu.

"Maashallah," akasema mlinzi wa benki, kwa heshima ya kweli.

Fatumo akakifunga kisanamu kwenye pembe ya shungi lake, mafundo mawili. Na ndipo pikipiki iliposimama kwa vumbi, akashuka Faiza kutoka ofisini, simu mkononi, picha ya kwenye kundi la ukoo bado iko kiooni.

"Abti!" akapiga ukelele. "Umemsilimisha Zorga!"

"Nani?" Fatumo akauliza.

"Ayeeyo, bibi yangu, samahani, huyo uliyemfunga hapo. Ni wangu. Mashindano ni Jumamosi."

"Huyu ni mimi. Anabaki na mimi. Unataka malkia wa kwenda Nairobi? Nitakuja mwenyewe nikae mezani."

Faiza alimtazama, akaona hilo si utani, akageukia pale panapowezekana. Akamwekea mjomba wake simu mbele ya pua, ile picha ya kwanza, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia.

"Shungi nimeelewa, Abti. Nakujua. Gauni pia, sawa. Lakini ngozi? Nilikupa picha! Angalia, kijani, kijani kabisa. Ungempaka kijani, hata na shungi lake, nani angemdhania ayeeyo? Kwa nini umempaka rangi ya binadamu?"

Swali likaanguka katikati ya watu, na kila mmoja akaliokota kwa namna yake. Hawo, muuza mitumba, akasema ni uchamungu. Mtu mwema hawezi kumwacha kiumbe na ngozi ya mjusi. Mwenye pikipiki akasema ni kisasi, miaka yote hiyo ya kupewa maagizo na mama mkwe, sanaa imempasua. Mlinzi wa benki, ambaye machozi yalimlengalenga, akasema ni mapenzi ya mkwe kwa mzazi wa mkewe, yaliyokosa mlango yakapitia brashini. Maryan alikunja mikono kifuani akasubiri. Fatumo aliinua ile nyusi. Na Daud, polepole, akalitoa lile tonge la kijani la miraa shavuni akalitupa, ili mdomo wake uwe wazi na safi kupokea chochote ambacho msanii angekisema. Kwa maana lolote atakaloeleza, machozi, kiapo, maelezo marefu, litakuwa ndilo jina, na safari hii litatoka kwake mwenyewe.

"Sema, bwana," Daud akamwambia kwa upole kabisa. "Tunakusikiliza. Kwa nini?"

Maneno ya kujieleza yalimjaa Shuaib kooni, mengi, ya haki, yamepanga foleni juu ya maziwa. Akayameza yote pamoja.

"Kijani kiliisha," akasema.